Ufundi na Soko Lake: Mafunzo ya Kazi kwa Vijana wa Singida tangu Enzi ya Reli hadi Vyuo vya Wilaya

Historia ya mafunzo ya ufundi katika mkoa wa Singida ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mafunzo yaliyobuniwa kwa ajili ya kazi zilizokuwa mahali pengine. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Jimbo la Kati mwaka 1963 na ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulihesabiwa kuwa na watu 2,008,058, una mvua za msimu mmoja zisizotabirika, wakulima wa mtama, uwele, alizeti na vitunguu, wafugaji wa ng'ombe na kuku, na waajiri wachache wa mshahara nje ya serikali na mashirika ya dini. Hata hivyo, tangu utawala wa Wajerumani mpaka leo, kila kizazi cha watawala kimeleta mpango wake wa kuwafunza vijana kazi za mikono, kwa imani kwamba kijana akijua ufundi ajira itamfuata. Imani hiyo ilipimwa kwa makini mara ya kwanza nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na majibu yaliyopatikana, pamoja na yale yaliyokuja baadaye kutoka Kenya na Uganda, yanaeleza vizuri kwa nini mambo ya Singida yamekwenda yalivyokwenda.

Kabla ya ukoloni, kijana wa Kinyaturu au wa Kinyiramba alijifunza kazi nyumbani kwao, na kazi yenyewe ilifungamana na mtaji ambao ukoo ulikuwa nao tayari. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, alionyesha jinsi samadi ya ng'ombe ilivyorutubisha mashamba ya nafaka, na jinsi nafaka iliyozidi ilivyobadilishwa kuwa mifugo, hata ng'ombe wakawa akiba, mtaji na kipimo cha thamani kwa pamoja. Katika uchumi wa namna hiyo, ujuzi wa kijana haukutengana na rasilimali za kuufanyia kazi, kwa sababu aliyemfundisha ndiye aliyekuwa na zizi. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa maana mipango mingi iliyofuata ilitenganisha mambo hayo mawili: ilitoa ujuzi na kuacha suala la mtaji lijitatue lenyewe.

Kusini mwa mkoa ilipita njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe, ikikatisha nyika kavu iliyoogopwa na wapagazi kwa jina la Mgunda Mkali, ambayo leo iko katika eneo la Manyoni na Itigi. Wajerumani waliweka boma Kilimatinde, kando ya njia hiyo, na jingine Mkalama huko Iramba. Lakini kilichobadilisha soko la kazi ni Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa kuwa Manyoni ilipata stesheni na Kilimatinde ikabaki kando. Wakati huohuo dhahabu iliyogunduliwa Sekenke, Iramba, mwaka 1909, ilifungua mgodi wa kwanza wa maana katika koloni lile, na mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na kukosa fedha, sarafu za dhahabu za rupia 15 zilipigwa Tabora kwa dhahabu ya mgodi huo. Reli na mgodi vilihitaji waashi, maseremala, wahunzi na watu wa mitambo. Hata hivyo mafundi wengi walitoka pwani na India, na vijana wa Singida waliingia humo kama vibarua wa kuchimba, kubeba na kufyeka.

Wamisionari walileta mafunzo ya aina nyingine. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilifika Iramba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita kazi yake ikachukuliwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, ambao chuo chao cha ualimu cha Kinampanda na hospitali yao ya Kiomboi vilikuja kujulikana nchi nzima. Ujenzi wa makanisa, shule na zahanati ulizalisha waashi na maseremala waliojifunza kwa kushika kazi chini ya fundi mkuu, utaratibu unaoitwa uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini kwa kumsaidia aliyebobea mpaka mwanagenzi aweze kusimama mwenyewe. Wanafunzi hao hawakuwa wengi, lakini walikuwa na faida moja ambayo vyuo vya baadaye vilikosa: aliyewafundisha ndiye aliyekuwa na jengo la kujengwa na fedha za kulijengea.

Serikali ya Kiingereza ilipochukua Tanganyika iliupa ufundi nafasi ya juu katika maandishi. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na kumjumuisha James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 na kupendekeza elimu iliyolingana na maisha ya kijijini, yenye kilimo, afya na kazi za mikono, na mwaka 1925 serikali ya London ikatoa sera iliyofuata mkondo huohuo. Wazazi wa Kiafrika, waliokuwa wakiona kwamba karani hupata mshahara mzuri kuliko seremala na hapigwi na jua, waliipokea sera hiyo kwa mashaka, na mashaka yao yalikuwa na msingi. Katika miaka ya 1930 reli ya tawi ilijengwa kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, ikang'olewa katika muongo uliofuata kwa kukosa mizigo ya kutosha. Ni vigumu kupata kielelezo kilicho wazi zaidi cha uchumi usioweza kulisha ufundi ulioletwa kutoka nje. Shule kubwa za ufundi zilipoanzishwa hatimaye, ya Ifunda mwaka 1951 katika iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, na ya Moshi mwaka 1957, zilijengwa mbali na Singida, na kijana wa Singida aliyehitimu huko alikuwa na sababu ndogo ya kurudi kwao.

Mwaka 1965 msomi Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, alichapisha hoja iliyokuja kutikisa fikra za wapanga maendeleo. Alidai kwamba wanafunzi wa Kiafrika hawakuchagua elimu ya kalamu kwa sababu mitaala iliwapotosha, ila kwa sababu mishahara iliwaonyesha njia. Elimu ya kalamu ndiyo iliyokuwa elimu ya kazi yenye malipo bora, na kubadilisha mtaala bila kubadilisha mishahara hakungebadilisha chochote. Tanzania ilichukua njia iliyo kinyume na hoja hiyo, au pengine ilijaribu kuishinda kwa kubadilisha vyote viwili kwa pamoja. Waraka wa Mwalimu Julius Nyerere wa Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea, ulitaka elimu ya msingi iwe elimu kamili yenye kumwandaa mtoto kwa maisha ya kijijini, si ngazi ya kupandia kwenda sekondari ambako wachache tu wangefika, na sera za Azimio la Arusha zililenga kupunguza pengo la kipato kati ya mjini na shamba.

Kutokana na fikra hizo zilizaliwa taasisi tatu zilizofika Singida kwa viwango tofauti. Ya kwanza ilikuwa mpango wa taifa wa mafunzo ya ufundi stadi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na kupata sheria yake mwaka 1974, ukiwa na majaribio ya ufundi ya madaraja matatu ambayo mwajiri yeyote angeweza kuyatambua; huu ulielekezwa zaidi kwenye viwanda vya miji. Ya pili ilikuwa vituo vya ufundi vilivyoanzishwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana waliomaliza darasa la saba, vikiambatanishwa na shule za msingi na kufundisha hasa useremala na uashi. Ya tatu, iliyodumu kuliko zote mkoani, ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden na kwa msaada wa nchi hiyo, na kati ya hivyo mkoa ulipata cha Singida na cha Msingi, kilichoko sasa katika wilaya ya Mkalama.

Vituo vya ufundi vya shule za msingi vilianguka upesi kuliko ilivyotarajiwa, na kisa chake hakina fumbo. Vilianzishwa wakati watu wa Singida walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na vikafikia umri wa kutoa wahitimu wakati wa uhaba mkubwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo misumari, saruji, mabati na hata randa vilikuwa adimu. Mhitimu wa useremala aliyerudi kijijini bila vifaa vyake mwenyewe, kati ya majirani wasio na fedha za kununua meza, alikuwa na cheti kisicho na kazi. Wengi walirudi kwenye jembe. Walioona mbali walipanda magari ya kwenda Arusha au Dar es Salaam.

Katika kipindi hichohicho shule za sekondari za serikali ziligawanywa katika michepuo, maana yake kila shule ilipewa, juu ya masomo ya kawaida, mkazo maalumu wa kilimo, ufundi, biashara au sayansi kimu, somo la mapishi, ushonaji na utunzaji wa nyumba. Mpango huu ni kati ya ile iliyochunguzwa kwa kina zaidi barani. Benki ya Dunia iliwafuatilia wanafunzi wa kidato cha nne wa mwaka 1981, ikawapima ujuzi wao, ikakadiria gharama za masomo yao, kisha ikawatafuta baada ya mwaka mmoja kujua walikuwa wakifanya nini. Utafiti wa aina hiyohiyo ulifanywa Colombia, na matokeo ya nchi zote mbili yalichapishwa na George Psacharopoulos na William Loxley mwaka 1985. Kwa upande wa Tanzania, wanafunzi wa michepuo walijua zaidi mambo ya mchepuo wao, kama ilivyotarajiwa, lakini hawakuonekana kupata kazi kwa urahisi kuwazidi wenzao wa masomo ya kawaida, wala hawakuelekea kazi za fani walizosomea kwa namna ya wazi, ilhali masomo ya kilimo na ya ufundi yaligharimu zaidi kwa kila mwanafunzi. Walio wengi walikuwa bado wanataka kuendelea na masomo, jambo ambalo Foster angelitabiri.

Matokeo hayo yalitumiwa vibaya na pande zote mbili. Wafadhili waliyachukua kama sababu ya kuacha kugharimia ufundi kwa miaka mingi, ingawa utafiti ulihusu shule za sekondari na haukugusa uanagenzi wala vyuo vya wananchi. Na wapanga elimu wa Tanzania waliyaona kama shambulio la wageni dhidi ya falsafa ya kujitegemea, wakayaweka kabatini. Ukweli wake ulikuwa mdogo na wenye manufaa kuliko wote wawili walivyodhani: mwaka mmoja ni muda mfupi wa kumpima kijana, lakini gharama ya ziada isiyo na faida ya ziada ni jambo ambalo waziri wa fedha wa nchi maskini hawezi kulipuuza.

Wakati mjadala huo ukiendelea vitabuni, Singida ilikuwa ikipata soko la ufundi kwa njia ambayo haikuandikwa katika mpango wowote wa elimu. Alizeti, zao linalostahimili ukame wa mkoa, lilikuwa likipandwa kwa kiasi kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 mhandisi Carl Bielenberg alibuni Arusha mashine ndogo ya kukamua mafuta kwa mkono, yenye mtaimbo mrefu na pistoni, iliyoweza kutengenezwa katika karakana ya kawaida kwa vyuma vinavyopatikana nchini. Biashara ilipolegezwa masharti baada ya mwaka 1986, na mafuta ya kula yakawa bidhaa ya faida, mashine za mkono zilifuatwa na za mota zinazokamua kwa parafujo, na mji wa Singida ukajaa viwanda vidogo vya kukamua alizeti. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilisaidia kutengeneza mashine na kufundisha wenye viwanda.

Mashine hizo zilihitaji kutunzwa. Parafujo huliwa na mchanga unaokuja na mbegu, beringi hufa, mota huungua umeme unapopanda na kushuka, na kiwanda kikisimama siku tatu wakati wa msimu mwenye nacho hupoteza wateja waliokwishapanga magunia mlangoni. Hivyo ikatokea kazi ya kuchomelea, kukereza vyuma, kusuka mota na kufunga mitambo, iliyolipwa fedha taslimu na watu wa mkoani humohumo, na vijana wakaanza kujifunza kwenye gereji na karakana za mitaani bila darasa wala cheti. Udhaifu wa soko hilo nao ni wa kueleweka: mavuno huanza karibu na mwezi Mei, viwanda hufanya kazi kwa nguvu kwa miezi michache, kisha vingi hufungwa kwa kuishiwa mbegu, na kiwanda kikubwa cha Mount Meru Millers kilipojengwa Singida kiliingia katika kugombania mbegu hizohizo. Fundi wa viwanda vya alizeti kwa hiyo ni fundi wa msimu, ambaye nje ya msimu hutengeneza milango ya chuma, matela na bodaboda.

Mfumo rasmi ulipoundwa upya kwa sheria ya mwaka 1994, iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ulikusudiwa kufuata mahitaji ya soko kwa kuwashirikisha waajiri na kwa kuwatoza. Tozo ya kuendeleza ujuzi, inayolipwa na mwajiri kwa kukokotoa asilimia ya jumla ya mishahara, iliwahi kufikia asilimia 6, ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023, na sheria imeipatia VETA theluthi moja ya makusanyo yake. Utaratibu huu una mantiki nzuri mahali penye viwanda, lakini una upendeleo wa asili: anayelipa ni mwajiri rasmi, anayesikilizwa katika kupanga mafunzo ni mwajiri rasmi, na mwenye mashine mbili za kukamua alizeti mtaani Singida halipi wala hasikilizwi, ingawa ndiye mwajiri ambaye mhitimu wa mkoa ana uwezekano mkubwa wa kukutana naye.

Ushahidi wa miaka ya karibuni, uliopatikana kwa kugawanya waombaji kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa mafunzo na wengine wakabaki kuwa kundi la kulinganishia, umewezesha kutofautisha matunda ya mafunzo na bidii ya mtu ambaye angefanikiwa hata bila kufundishwa. David McKenzie, aliyekusanya tafiti za namna hiyo kutoka nchi zinazoendelea mwaka 2017, aligundua kwamba kwa wastani mafunzo ya ufundi huongeza uwezekano wa kuwa na kazi kwa takriban nukta 2 za asilimia, maana yake katika vijana 100 waliofunzwa ni wawili au watatu tu waliopata kazi ambayo wasingeipata vinginevyo. Magharibi mwa Kenya, katika mpango ulioanza mwaka 2008, vijana zaidi ya 2,000 waliomba hati za kulipiwa karo za thamani ya kama dola 460, nusu wakapewa. Mapato ya waliopewa hayakupanda kwa jumla, isipokuwa kwa wale waliokuwa na ajira ya mshahara. Wasichana wa mpango huo walipoelezwa tofauti ya kipato kati ya ushonaji na ufundi magari, walielekea zaidi kutaja fani za wanaume, jambo linaloonyesha kwamba uchaguzi wa fani unaonekana kuwa mila huku sehemu yake ni kukosa taarifa.

Uganda imetoa majibu ya kutia moyo zaidi. Huko vijana walipewa ama miezi sita ya chuo cha ufundi kilichochaguliwa kwa ubora wake, ama mafunzo ndani ya karakana ya mwajiri aliyelipwa ruzuku. Matokeo yaliyochapishwa na Livia Alfonsi na wenzake mwaka 2020 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalifaidika. Hata hivyo, waliofunzwa kazini walitangulia kupata ajira na baadaye wakakwama, na waliosoma chuoni walichelewa kuanza lakini wakapanda, kwa kuwa cheti chao kilieleweka na mwajiri wa pili na wa tatu pia. Utafiti mwingine wa kaskazini mwa nchi hiyo, wa Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez, ulihusu makundi ya vijana waliopewa ruzuku ya wastani wa dola 382 kwa kila mtu ili wajilipie mafunzo na kununua zana. Baada ya miaka minne mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 38, ingawa baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia.

Matokeo haya yakisomwa pamoja na historia ya Singida, yanasema jambo ambalo seremala wa mwaka 1980 aliyerudi kijijini bila randa angelieleza kwa maneno machache. Ujuzi peke yake huleta kidogo. Ujuzi wenye zana, wenye mteja wa karibu na wenye uthibitisho unaotambuliwa huleta zaidi. Tanzania inavyo vipande vyote vya utaratibu huo. Urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani hupimwa na VETA kazini kwake na kupewa cheti, unatibu moja kwa moja udhaifu ulioonekana Uganda kwa waliofunzwa kazini. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vimewapokea wasichana waliokatishwa masomo pamoja na watoto wao, hatua yenye uzito ikizingatiwa kwamba utafiti wa uanagenzi nchini Malawi ulikuta wanawake wakiacha mafunzo kuliko wanaume kwa sababu ya majukumu ya nyumbani.

Kinachokosekana ni kuviunganisha. Mhitimu wa useremala wa chuo cha wananchi hupeleka ombi la mkopo halmashauri kama mgeni, na fundi wa parafujo anayejua mashine za Singida kuliko mwalimu yeyote hakaribishwi kufundisha kwa sababu hana cheti. Wakati huohuo serikali imeamua kujenga chuo cha VETA katika kila wilaya, Ikungi ikiwa kati ya wilaya zilizotangulia, na Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la mwaka 2023 imerudisha sekondarini mkondo wa amali, yaani elimu ya kazi inayokwenda sambamba na elimu ya jumla, ambao ni ndugu wa karibu wa michepuo ya miaka ya 1970. Kwa ushahidi uliopo, chuo cha wilaya mkoani Singida kitakachofundisha useremala na ushonaji kwa sababu tu ndivyo ilivyozoeleka kitatoa wahitimu watakaokwenda Dodoma na Arusha. Kitakachoanza na mitambo ya alizeti, pampu za bustani za vitunguu na pikipiki, kikawatumia mafundi wa mtaani kuwa wakufunzi, na kikakubaliana na halmashauri kwamba cheti na mkopo wa zana vitolewe siku moja, kina nafasi ya kuwabakiza mkoani, na kinapaswa kupimwa kwa kuhesabu waliobaki na kipato chao miaka miwili baada ya kuhitimu, si kwa idadi ya walioandikishwa.